Baridi ni Yao, Kaskazi ni Yetu: Ndege wa Mida ni wa Nani?

Juzi saa kumi na mbili asubuhi nilishuka kwenye boda pale Mida, darubini ya kuazima shingoni, simu nimeifunga kwa nailoni isiingie maji. Kabla hajageuza pikipiki, dereva akaniuliza, "Kaka, hawa wazungu wanakulipa ngapi kuwahesabia ndege wao?"

Nilicheka. Nikamwambia hakuna mzungu anayenilipa, hata bando nanunua mwenyewe. Akatikisa kichwa akaenda zake. Lakini kuna neno moja lilinikaa kichwani asubuhi nzima nikiwa kwenye tope. Wao. Ndege wao.

Kama ni mara yako ya kwanza hapa, mimi ni kijana wa Gede niliyeacha kampasi mwaka wa pili karo ilipogoma. Nilirudi nyumbani nikaanza kurekodi video za ndege kwa sababu ndio walikuwa bure. Kwa hivyo haya ya leo sikuyasomea, nimeyasoma tu. Kuna tofauti, na kama nimekosea mahali nirekebishe bila matusi.

Na nimtetee dereva kidogo. Hilo neno hakulitoa hewani. Ukifungua vitabu vya ndege wa Kenya, nusu ya wale wanaojaa pwani yetu Desemba wanaitwa wageni wa majira ya baridi. Wageni. Kwamba kwao ni kule, huku wamekuja likizo kama watalii wa Watamu. Mimi nasema hiyo historia imeandikwa na upande mmoja, na ukiifuata kutoka mwanzo utaona upande wetu umekuwa ndani yake siku zote, ila bila jina.

Wakati Ulaya haikujua

Twende nyuma. Ulaya ikifika Oktoba, ndege wanaanza kupungua. Kufika Desemba mbayuwayu hayupo, korongo mweupe hayupo, mashamba yamenyamaza. Kwa mamia ya miaka watu wenye akili zao timamu walijiuliza: wanaenda wapi?

Majibu waliyotoa, wacha tu. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, alijua kwamba baadhi ya ndege husafiri, lakini akasema kuna mbayuwayu wanaojificha kwenye mashimo, na kuna ndege anayegeuka kuwa ndege wa aina nyingine baridi ikiingia. Mwaka 1555 Olaus Magnus, askofu wa Sweden, aliandika kwamba wavuvi wa kaskazini huwavuta mbayuwayu kutoka chini ya maji, wamelala wameshikana. Karne ya 17 akaja Mwingereza Charles Morton na lake: ndege huenda mwezini, safari ya siku 60 hivi.

Mwezini, jamani. Na mbayuwayu hao wakati huo wako Afrika wanakula wadudu. Ni hawa hawa wanaopanga foleni kwenye nyaya za stima hapa Gede kila Desemba. Mtoto yeyote wa hapa angewaambia.

Kisha ikaja Mei 1822. Karibu na Klütz, kaskazini mwa Ujerumani, mtu alimpiga risasi korongo mweupe. Walipomwokota walikuta ana mkuki umepita shingoni, urefu wake sentimita 80 hivi, na mti wa ule mkuki haukuwa wa Ulaya. Ulitoka Afrika ya Kati. Ndege alikuwa amechomwa huku, hakufa, akaruka nao mpaka Ujerumani. Walimkausha, na mpaka leo yuko Chuo Kikuu cha Rostock, mkuki wake bado uko shingoni.

Ile ilikuwa moja ya ithibati za kwanza za kushikika kwamba ndege wa Ulaya hupitisha baridi Afrika. Jina la korongo linajulikana: Wajerumani wanamwita korongo wa mshale. Kijiji alipoangukia kinajulikana, chuo kinajulikana. Aliyerusha mkuki hajulikani. Swali lililowashinda wanafalsafa lilijibiwa na mwindaji Mwafrika aliyekosa kitoweo, na historia haikumwandika hata mstari.

Jinsi baridi ilivyokuwa msimu wa kuangalia ndege

Baada ya hapo ikawa kazi ya kuthibitisha. Mwaka 1899 mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwavisha ndege pete nyepesi za alumini miguuni, kila pete na nambari yake. Ndege akipatikana nchi nyingine, pete inasema alikotoka. Mpaka leo watafiti duniani wanafanya hivyo, na hapa Kenya pia. Kule Ngulia, Tsavo West, tangu mwaka 1969 ndege wanaopita usiku kwenye ukungu wa mwisho wa mwaka hunaswa kwa nyavu, huvishwa pete, kisha huachiliwa.

Mwaka mmoja baada ya Mortensen, Marekani wakaanza lao. Kulikuwa na desturi siku ya Krismasi: watu wanagawanyika makundi, wanaingia msituni na bunduki, na kundi litakaloua wanyama na ndege wengi ndilo mshindi. Frank Chapman akasema, je, mwaka huu tuwahesabu badala ya kuwaua? Krismasi ya 1900 watu 27 walitoka, sehemu 25, wakahesabu. Hesabu hiyo inaendelea mpaka leo kila mwaka.

Unaweza kuuliza, kwa nini baridi? Nani anatoka nje kwenye theluji kuangalia ndege? Sababu ni rahisi. Miti ya kule hupukutisha majani, kwa hivyo ndege haonekani kwa tabu. Pili, maziwa ya bara yakiganda, ndege wa majini hukimbilia pwani, manake tope la bahari lina chumvi na maji yanaingia na kutoka, haligandi kirahisi. Kwa hivyo ukitaka kuona ndege wengi mahali pamoja, nenda pwani wakati wa baridi. Uingereza watu hujazana Norfolk kwa kazi hiyo. Kule Cley, mwaka 1926, kinamasi kizima kilinunuliwa ili kihifadhiwe kwa ajili ya ndege. Mahali ambapo watu walienda na bunduki, wakaanza kwenda na darubini.

Hiyo ndiyo historia inayosimuliwa, na sina ubaya nayo. Ni historia nzuri. Shida ni kwamba inaishia Norfolk, na ndege wengi hawaishii Norfolk. Ni kama kusimulia safari ya basi kutoka Nairobi na kunyamaza ukifika Voi, wakati abiria wanashuka Mombasa.

Kaskazi ikivuma

Huku kwetu hatuna baridi hiyo. Desemba yetu ni jua, ni maembe, ni upepo wa kaskazi. Maji yakipwa pale Mida, hasa wakati wa bamvua, tope linafunguka mpaka mbali na chakula kiko wazi: kaa, minyoo, konokono. Hapo ndipo utawaona.

Kuna sululu, mwenye mdomo mrefu uliopinda kama sululu ile ya kuchimbia. Kuna vitwitwi wa kila aina, wanakimbia mbele ya maji kama watoto. Mmoja wao ana uzito wa gramu 60 hivi, ni kama yai la kuku, na amezaliwa juu kabisa Siberia, karibu na bahari ya barafu. Kutoka huko mpaka Mida ni zaidi ya kilomita 9,000. Mimi nikienda Nairobi kwa basi naumwa mgongo wiki nzima.

Halafu kuna kipenzi changu, Dromas ardeola. Kwenye video zangu namwita Mla-kaa kwa sababu ndicho anachofanya mchana kutwa. Mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene mweusi kama koleo. Huyu hatoki Ulaya kabisa. Huzaliana kwenye fukwe na visiwa vya Bahari ya Shamu, Oman na Ghuba. Anachimba shimo kwenye mchanga, anataga yai moja jeupe humo, na joto la mchanga linamsaidia kuliatamia. Msimu ukiisha anashuka kwetu, na Mida ni moja ya sehemu zake maarufu.

Sasa simama hapo kidogo. Oman na Ghuba, kushuka na kaskazi, kurudi kusi ikianza. Hiyo kalenda unaijua. Ndiyo kalenda ya majahazi. Kwa zaidi ya miaka elfu moja vyombo vya Arabuni vimekuja pwani hii na kaskazi, vimebeba tende na vyombo vya udongo, vikakaa mpaka Machi, kisha vikarudi na kusi vimebeba pembe na boriti za mikoko. Gede yenyewe, ule mji wa magofu ulio karibu tu na hori hili, uliishi kwa biashara hiyo mpaka ulipohamwa karne ya 17. James Kirkman alipoanza kuuchimba mwaka 1948, humo ndani kulitoka vyombo vya kaure vya China. Mla-kaa na jahazi walikuwa njia moja, msimu mmoja, na naamini walikutana mara nyingi kuliko mtu yeyote alivyoandika.

Sisemi mababu walikuwa na darubini na orodha. Lakini watu wa bahari hapa walihesabu mwaka kwa miongo, siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, ili wajue upepo utageuka lini, samaki gani watakuja lini, chombo kitoke lini. Mtu wa kuhesabu hivyo huwezi kuniambia hakuona fungu lote la mchanga limejaa ndege kila mwaka wakati uleule.

Mjomba wangu ni mvuvi. Hajui jina la kisayansi la ndege hata mmoja. Siku moja nilikuwa naye kwenye ngalawa, nimeinama na simu, akanigusa bega: "Mpwa wangu, sululu wanaondoka kwenye fungu wanaenda kwenye mikoko. Maji yanakuja. Twende." Miezi sita baadaye nikasoma kitabuni kwamba maji yakijaa, sululu huenda kupumzika kwenye mikoko. Kitabu kimeandikwa na daktari wa sayansi. Mjomba alinipa bure, na akanipa pamoja na matumizi yake.

Hesabu miezi

Turudi kwa neno la dereva. Ndege wao. Hebu tumchukue yule kitwitwi wa Siberia tuhesabu pamoja.

Anafika kule mwezi wa Juni, theluji ikiyeyuka. Anataga haraka. Madume huanza kuondoka Julai, hata hawangoji watoto wakue. Wakubwa wanaanza kuonekana pwani yetu Agosti na Septemba, wanakaa mpaka Aprili. Hiyo ni karibu miezi minane. Na vijana wao wengi wa mwaka wa kwanza hawarudi kabisa, wanabaki huku mwaka mzima mpaka wakomae. Mla-kaa ndiye kabisa: mtoto wake anakuja na wazazi, na hapa Mida utamwona bado anawafuata nyuma akiomba kulishwa kaa. Amezaliwa kule, anafundishwa maisha hapa.

Sasa kama mimi ningezaliwa Nairobi hospitalini, nikakaa huko wiki sita, kisha nikakulia Gede, nikala Gede, nikajifunza kazi Gede, ungeniita mgeni wa Gede?

Na kuna jambo linavuruga hadithi yote ya baridi. Nenda mlango wa mto Sabaki, kaskazini mwa Malindi, miezi ya Mei mpaka Agosti, wakati hawa wa kaskazini wako kwao. Utakuta ndege mdogo wa kahawia anayeruka kama mbayuwayu juu ya maji, makundi makubwa. Ametoka Madagascar. Anakimbia baridi ya kusini. Kwa hivyo pwani yetu inapokea baridi mbili, moja ya juu na moja ya chini, na hakuna hata moja tunayoisikia hapa. Wote wanakuja kwetu kwa sababu chakula kipo. Sisi si mwisho wa safari ya watu wengine. Kwa ndege, hapa ndipo pa kutegemewa.

Msituni, hadithi ni ileile

Ukitoka Mida na kuvuka barabara ya Malindi, unaingia Arabuko-Sokoke, zaidi ya hekta 40,000 za msitu wa pwani. Humo kuna bundi mdogo wa kukaa kwenye kiganja. Sisi tulikua tukiambiwa bundi ni mkosi, akilia juu ya paa mtu atakufa, mrushie jiwe. Mwaka 1966 Mmarekani Dillon Ripley alimwandika kwenye sayansi, akampa jina la mwanamke aitwaye Irene. Ukiacha msitu huu, anajulikana sehemu chache tu, mojawapo vilima vya Usambara, Tanzania. Watu hupanda ndege kutoka Ulaya kuja kumwona huyo tuliyemrushia mawe.

Kuna pia mnana mmoja wa manjano na mweusi anayeishi Kilifi peke yake, duniani kote. Alipewa jina la kisayansi mwaka 1913, golandi, kwa heshima ya Mwingereza Goland Clarke. Miaka 100 ikapita bila mwanasayansi kuandika anajenga kiota wapi. Mwaka 2013 viota vikapatikana Dakatcha, ndani kutoka Malindi, kwenye kinamasi cha msimu, na waliokuwa kwenye msako huo walikuwemo wanakijiji wa Dakatcha wenyewe.

Unaona mtindo. Chama cha mambo ya asili tunachokiita leo Nature Kenya kilianzishwa mwaka 1909, enzi za ukoloni, na kwa muda mrefu darubini na daftari vilikuwa mikononi mwa maafisa na walowezi. Kitabu kikubwa cha ndege wa koloni ya Kenya, cha Frederick Jackson, afisa wa serikali ya Mwingereza, kilitoka mwaka 1938. Waliobeba mizigo, walioonyesha njia, waliosema "huyu analia hivi, huyu yuko mti ule," hao hatuna picha zao ukutani. Mabadiliko yalikuja polepole. Tangu mwaka 1971 Fleur Ng'weno aliongoza matembezi ya kuangalia ndege Nairobi kila Jumatano asubuhi, yeyote aje, na Wakenya wengi waliokuja kuwa wataalamu walipita hapo. Hapa kwetu vijana wa kijijini walifunzwa kuwa waongozaji wa Arabuko-Sokoke, na leo mzungu mwenye digrii tatu anawafuata nyuma kimya akingoja waoneshe kidole.

Kwa nini nakusumbua na haya

Najua kuna mtu anasema: sawa, lakini ndege hawalipi karo. Ndugu yangu, mimi ni wa mwisho kudharau suala la karo. Lakini pale Mida kuna daraja la mbao linaloning'inia juu ya mikoko, na ada ya kulitembelea imekuwa ikiingia kwenye mfuko wa kusomesha watoto wa sekondari wanaoishi pembeni mwa msitu na hori. Mradi wa Kipepeo pale Gede umenunua buu za vipepeo kutoka kwa wakulima wa pembeni mwa msitu tangu mwaka 1993. Si hela za kujenga ghorofa, lakini kuna watoto wamemaliza shule. Kwa hivyo, ndiyo, wengine wamelipiwa na ndege.

Lakini pesa si sababu yangu kubwa. Sababu yangu ni daftari. Zaidi ya miaka kumi iliyopita kulikuwa na mpango wa kupanda jatropha ya mafuta kule Dakatcha. Wakazi na watu wa mazingira wakapinga, na yule mnana wa Kilifi alikuwa mmoja wa hoja zao. Mpango ule haukuendelea. Sasa fikiria kama hakuna mtu angekuwa ameandika kwamba yuko pale. Mkutano ukiitishwa, mwenye karatasi ndiye anayesikizwa. Mzee anaweza kusema "sisi tunajua hapa kuna ndege," na akaambiwa asante mzee, kaa chini.

Ndiyo maana naudhika kijana wa Kilifi akisema kuhesabu ndege ni kazi ya wazungu. Ni kuwaachia daftari. Kila Januari ndege wa majini huhesabiwa duniani kote kwa wakati mmoja, zoezi lililoanza mwaka 1967, na Kenya imo. Wanahitajika watu wa kujitolea, na hakuna anayekuuliza cheti. Mimi wa kuacha kampasi nilipokelewa, nikapewa fungu langu la mchanga na kalamu. Na nilikwenda na mjomba, manake yeye ndiye anajua maji yatajaa saa ngapi.

Ile siku ya juzi, dereva alirudi kunichukua saa nne. Akanikuta bado sijamaliza. Nikampa darubini aangalie mwenyewe akiningoja. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Kaka, yule mdogo mbona anamfukuza mkubwa?" Nikamwambia hamfukuzi, anaomba kaa. Akacheka sana. Njiani kurudi hakuuliza tena habari ya kulipwa. Aliuliza wanaondoka mwezi gani.

Nikamwambia Aprili, maleleji yakiingia. Kwa hivyo bado wapo. Jumamosi nitakuwa pale Mida maji yakianza kujaa. Darubini ni moja, tutapokezana.